MSAFARA HUENDA KWA MWENDO WA MZIGO WAKE



Halmashauri ya Yubile ilitupa sisi kazi ya kuandika kurasa chache za historia. Kufika kwa misionari wa kwanza, kujengwa kwa kanisa, majina ya wakatekista wa zamani, mambo hayo yote yameandikwa na wengine katika kitabu hiki, nao wanayajua kutupita. Basi tuliomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lingine, ambalo pengine mtaliona kuwa dogo: habari ya remorki, yaani kitu kinachovutwa nyuma ya motokari, na ya sheria za mwendo ambazo serikali ya Uingereza iliweka, ikaondoa, ikaweka tena juu yake.

Habari hizi tulizipata kwanza kwa Padri mmoja mzee, mzaliwa wa Uingereza, aliye karibu na miaka 80, ambaye alikaa nasi majuma mawili wakati wa matayarisho ya sikukuu hii. Kila jioni kisha chakula alitusimulia habari za baba yake na karavani yake. Halafu sisi tulitafuta katika vitabu, tukaona kwamba miaka na hesabu alizotaja zilikuwa za kweli. Lakini tunayo sababu nyingine ya kuandika. Iko katika makaburi manne yaliyo pamoja nyuma ya kanisa letu, chini ya mikaratusi. Tutaisema kwa nafasi yake.

I. LUGHA ILIYOFIKA KWA MIGUU

Waingereza na Wafaransa huita karavani ile nyumba ndogo yenyi magurudumu inayovutwa nyuma ya motokari, ambamo watu wa Ulaya hulala wakati wa mapumziko yao. Neno hilo lilitoka katika lugha ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza si nyumba hata kidogo. Ni msafara: watu wengi wanaosafiri pamoja na ngamia wao na mali yao, kusudi wasipotee na wasinyanganywe.

Msafara sisi tunaujua. Hii lugha ya Kingwana tunayoiandika hapa haikuja kwa mashua wala kwa reli. Ilifika kwa miguu, katika karne ya 19, pamoja na misafara ya Waungwana na wachukuzi waliotoka pwani, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa, wakafika Kasongo na Nyangwe. Tunajua pia maovu yaliyofuatana nayo, biashara ya pembe na ya watumwa, wala hatutaki kuyafunika. Lakini kuna jambo moja la misafara ile ambalo linapashwa kukumbukwa hapa. Mchukuzi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32. Mbele alitembea kirangozi, mwenyi kuonyesha njia. Kirangozi angeweza kukimbia, maana hakubeba mzigo mkubwa, walakini hakukimbia. Kama angekimbia, jioni angefika kambini peke yake, bila mali na bila watu. Mwendo wa msafara haukupimwa kwa nguvu ya anayetangulia. Ulipimwa kwa uzito wa kinachofuata.

Tunaomba wasomaji walishike jambo hili, maana yote tutakayoandika chini yanarudi hapo.

II. BENDERA NYEKUNDU

Mwaka 1865 hapakuwa bado motokari katika Uingereza. Lakini palikuwa mashini za moto, zilizosukumwa na mvuke kama zile za reli, ambazo zilipita katika njia za watu zikivuta magari ya mizigo. Farasi ziliziogopa, wakulima walizichukia. Bunge likaweka sheria: mashini hizo zisipite maili 4 kwa saa inje ya miji, na maili 2 ndani ya miji. Kwa kilometa, ni 6 na 3 tu, mwendo wa mtu anayetembea. Tena sherti mtu mmoja atangulie kwa miguu, hatua makumi sita mbele, akishika bendera nyekundu. Na watu watatu walipashwa kuitumikia mashini. Lakini kama ilivuta magari zaidi ya mawili, mtu mwingine aliongezwa juu ya kuyaangalia. Mnaona basi: tokea siku ya kwanza, sheria ilitazama kinachovutwa nyuma.

Katika miaka ile ile watu walianza kusafiri kwa nyumba yenyi magurudumu kwa kujifurahisha. Mwaka 1885 mganga mmoja wa Scotland, Gordon Stables, aliyekuwa zamani mganga wa manowari na mwandishi wa vitabu vya vijana, alitengenezewa gari kubwa katika mji wa Bristol, akaliita Wanderer, maana yake msafiri asiye na haraka. Lilivutwa na farasi wawili. Mtumishi wake alitangulia juu ya kinga ya magurudumu matatu, kusudi awaonye watu kwamba kitu kizito kinakuja. Ilikuwa ni kazi ya kirangozi.

Mwaka 1896 sheria mpya iliondoa mtu wa kutangulia, ikaruhusu motokari nyepesi kwenda maili 14 kwa saa. Lakini wakubwa wa serikali waliogopa, wakashusha hesabu hiyo mpaka 12, ni kusema kilometa 19. Sheria ya 1903 iliongeza mpaka 20, kilometa 32, kuanzia Januari 1904. Mnakumbuke hiyo 20. Tutaikuta tena mwishoni. Mwaka 1907 wapenda karavani walianzisha chama chao, na kisha vita kuu ya kwanza, mwaka 1919, baba na mwana wa jamaa ya Riley walianza katika mji wa Birmingham kutengeneza karavani za kuvutwa na motokari, kwa jina la Eccles.

Halafu likaja jambo la kustaajabisha. Kwa sababu hakuna mtu aliyeshika ile sheria ya maili 20, mwaka 1930 Bunge liliondoa kabisa mpaka wa mwendo kwa motokari ndogo. Kila mtu alikimbia kama alivyotaka. Lakini anayevuta remorki hakuachiliwa. Kwake sheria ile ile iliandika maili 30, kilometa 48. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika njia za Uingereza, wakati motokari zilikuwa chache sana kupita za leo. Serikali ikashituka. Tokea tarehe 18 Machi 1935, mwendo wa motokari yote mahali penyi nyumba nyingi ukawa maili 30. Inje ya miji hapakuwa mpaka, isipokuwa kwa wenyi kuvuta na kwa makamio.

III. KARAVANI YA BABA YAKE

Hapa tunamwachia nafasi Padri mgeni wetu, ingawa tunayaandika maneno yake kwa namna yetu.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda katika Birmingham. Katika mwezi wa Agosti viwanda vilifungwa majuma mawili, na wafanyakazi wote walitaka kwenda baharini. Mwaka 1955 baba alinunua karavani iliyokwisha tumiwa na wengine. Ilikuwa ndogo: vitanda vinne vya kukunjwa, jiko la gazi, ndoo ya maji. Motokari yao nayo ilikuwa ndogo, na nguvu yake ilikuwa kidogo. Kila mwaka walikwenda katika inchi ya Wales, mpaka Barmouth, mji ulio kando ya bahari. Toka Birmingham ni zaidi ya kilometa 170. Wenyi motokari tupu walifika kabla ya saa sita ya mchana. Wao waliondoka alfajiri, na kwa kuwa sheria iliwaruhusu maili 30 tu, walifika jioni.

«Nyuma yetu,» Padri alituambia, «palikuwa mfuatano mrefu wa motokari. Watu walipiga honi. Wengine walipotupita walimwonyesha baba ngumi. Mama aliona haya. Lakini baba, kila alipoona mahali papana, alisimama kando ya njia, akawaacha wapite wote, akawainulia kofia. Kisha mama alitoa chai. Nadhani tulikunywa chai mara sita katika safari moja.»

Kisha Welshpool njia iliingia katika milima. Kabla ya kufika Dolgellau kuna mpando mkali. Pale baba alisimamisha motokari, akawaambia wote washuke. Mama na watoto walipanda kwa miguu, kila mmoja na mfuko wake, na kaka mkubwa alitembea nyuma ya karavani akibeba kipande cha mti, kusudi akiweke chini ya gurudumu kama motokari ingeshindwa. Tuliposikia hayo tulicheka sana, maana hakuna mtoto wa inchi yetu asiyeijua kazi ile. Vijana wa makamio yetu huifanya kila siku ya mvua. Padri naye alicheka, akasema kwamba alipofika Kongo mara ya kwanza, akamwona kijana akikimbia nyuma ya kamio na kipande cha mti begani, alimkumbuka kaka yake, na tokea saa ile hakujiona tena kuwa mgeni.

IV. BARABARA KUU

Tarehe 5 Desemba 1958 Waingereza walifungua barabara kuu yao ya kwanza, kando ya mji wa Preston, na tarehe 2 Novemba 1959 kipande cha kwanza cha ile kubwa wanayoiita M1. Barabara hizo hazina njia panda, hazina watu wa miguu, hazina kinga. Mwanzoni hazikuwa na mpaka wa mwendo. Kila mtu aliendesha mpaka mwisho wa nguvu ya mashini yake.

Baba wa Padri alinunua motokari nyingine, yenyi nguvu zaidi. Tena katika miaka ya 60 sheria ilimwongezea mwenyi kuvuta karavani maili 10: toka 30 akapewa 40, kilometa 64. Nyumbani waliifanyia sikukuu. Wangeweza kufika Barmouth kabla ya chai ya alasiri.

Lakini mwaka ule wa 1965, katika mwezi wa Novemba, ukungu ulifunika barabara kuu, na motokari nyingi zikagongana. Waziri wa safari, Tom Fraser, akaamuru kwamba tokea tarehe 22 Desemba 1965 hakuna motokari itakayopita maili 70 kwa saa, kilometa 112, hata katika barabara kuu. Ilisemwa kuwa jaribio la miezi minne. Waziri aliyemfuata, Barbara Castle, mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuendesha motokari, alilirefusha jaribio, na mwaka 1967 akaligeuza kuwa sheria ya kudumu. Wenyi motokari za mbio walimtukana sana. Sheria hiyo ya 70 ingalipo hata leo.

Mwaka 1973 vilitokea vita vya Oktoba katika Mashariki ya Kati, na wenyi mafuta wa inchi za Waarabu walipunguza mafuta yao. Watu wa Ulaya walipanga mistari mbele ya mahali pa kuuzia esanse. Tokea tarehe 8 Desemba 1973 serikali ya Uingereza ilishusha mwendo wa wote, katika kila barabara, mpaka maili 50, kilometa 80, kusudi kupunguza matumizi ya mafuta. Majirani walilalamika. Baba wa Padri peke yake alifurahi. Alisema: «Sasa watu wote wanavuta karavani.» Katika barabara kuu amri hiyo iliondolewa mwezi wa Machi 1974, na kwingine mwezi wa Mei, mwisho wa mwaka ule mipaka mingine iliwekwa, na tarehe 1 Juni 1977 ikatengenezwa kama ilivyo sasa: 70 katika barabara kuu na katika barabara zenyi njia mbili zilizotengwa, 60 katika barabara ya njia moja.

Na mwenyi karavani? Katika miaka ya 70 alipewa 50, lakini kwa masharti. Uzito wa karavani usipite uzito wa motokari inayoivuta, na nyuma yake kitundikwe kibao chenyi hesabu 50, kusudi polisi wajue kwamba amekubali masharti. Katika miaka ya 80 alipewa 60 katika barabara kuu, kilometa 96, na 50 katika barabara ya njia moja; ndiyo sheria yake hata leo. Hesabu ya wengine ilipanda na kushuka: ilikuwa 20, ikafutwa, ikawa 70, ikawa 50, ikarudi 70. Hesabu yake yeye ilipanda toka 30 mpaka 60 katika miaka 50 hivi. Walakini katika barabara kuu hajapata siku hata moja hesabu moja na asiye na mzigo, isipokuwa katika ile miezi michache ya njaa ya mafuta.

V. MZIGO UNAPOTAKA KUTANGULIA

Tulimwuliza Padri: kama motokari ina nguvu na barabara ni nzuri, sababu gani kumzuia mtu? Hakutujibu kwa maneno ya vitabu. Alitusimulia habari ya mwaka mmoja katikati ya miaka ya 60.

Walikuwa wakitelemuka mlima, na baba, kwa furaha ya motokari mpya, alipita ile 40 ya sheria. Mara watoto, waliokuwa wakitazama kwa kioo cha nyuma, waliona karavani ikienda kidogo kushoto, halafu kidogo kulia, halafu zaidi kushoto, kama mkia wa nyoka. Mama akapiga kelele: «Shika freni!» Baba hakushika freni. Aliondoa mguu juu ya esanse, akakaza mikono juu ya usukani bila kuugeuza huku wala huku, akangoja. Mkia ukapungua, ukatulia. Walisimama chini ya mlima. Baba alifungua karavani bila kusema neno, akakuta kwamba sanduku la vyakula vya mikebe na vyuma vya hema vilikuwa vimewekwa nyuma kabisa. Alivitoa vyote, akavipanga katikati, chini, juu ya magurudumu. Tokea siku ile hakupita 40 tena, hata sheria ilipomruhusu 50. Alisema: «Bunge halikuwa pamoja nasi juu ya mlima ule.»

Wenyi elimu ya mashini wameyaeleza mambo hayo, nasi tunayaandika kwa kifupi juu ya mashofere watakaosoma hapa. La kwanza: nguvu inayopashwa kuzimwa na freni haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo inazidi mara nne. Anayekwenda 96 hana mara mbili ya hatari ya anayekwenda 48. Ana mara nne ya kazi ya kusimama. La pili: remorki iliyoanza kuyumba hutulia yenyewe ikiwa mwendo ni mdogo. Lakini kwa kila remorki kuna kipimo cha mwendo ambacho ukikipita, kuyumba hakupungui tena bali kunaongezeka, mpaka remorki inageuza motokari. La tatu: mzigo uliowekwa nyuma unaharakisha ubaya huo, mzigo uliowekwa chini na katikati, na uzito kidogo ukilalia mahali pa kufungia, unauchelewesha. La ine: katika mtelemuko, remorki isiyo na freni zake inasukuma. Saa ile si motokari inayoongoza tena. Mzigo umetangulia.

Waingereza walifikiri hata mtihani wa pekee unafaa. Waliopata kibali chao cha kuendesha tokea tarehe 1 Januari 1997 walipashwa kufanya mtihani wa pili kabla ya kuvuta karavani kubwa. Mtihani huo uliondolewa tarehe 16 Desemba 2021. Lakini hata leo, katika barabara kuu yenyi mistari mitatu, mwenyi kuvuta haruhusiwi kuingia mstari wa mbio.

VI. REMORKI KATIKA INCHI YETU

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1924 kiwanda cha Citroën cha Ufaransa kilituma motokari nane zenyi mikanda nyuma mahali pa magurudumu, zikivuta remorki zao, kutoka Colomb-Béchar katika Algeria. Zilivuka jangwa, zikapita Chad na Ubangi, na mwaka 1925 zikavuka Kongo kabla ya kufika Uganda. Mwisho wa safari ulikuwa kisiwa cha Madagascar. Mwaka 1938 msafiri mmoja Mwitaliani, Attilio Gatti, alileta katika Kongo ya Wabelgiji nyumba mbili za magurudumu zilizovutwa na makamio ya International ya Marekani. Ndani yake palikuwa vitanda, jiko la umeme, mahali pa kuoga. Wazee waliokwisha kuziona walipashwa kustaajabu, maana njia ya kupita mashini kama hizo ilitengenezwa kwa jembe na kwa mikono ya baba zao, wala hakuna aliyewaalika kulala ndani.

Lakini remorki tuliyo nayo sisi ni ya kazi. Inabeba mihogo, mahindi, mbao, simenti, na juu ya vyote inabeba watu. Ndiyo habari ya makaburi manne.

Tulikuwa bado kijana wa seminari ndogo, nyumbani kwa likizo. Kwaya ya parokia iliitwa kuimba katika sikukuu ya parokia nyingine. Mfanya biashara mmoja alikubali kutuchukua bila feza, nasi tulimshukuru, na hata sasa hatumlaumu. Kamio ilijaa magunia. Remorki ilijaa magunia. Wanaume walipanda juu ya kamio. Wasichana wa sauti ya kwanza walipanda juu ya remorki, kwa sababu pale palikuwa nafasi ya kukaa wote pamoja.

Shofere alikuwa mtu mpole. Mwanzoni alikwenda polepole, akashika freni kabla ya kila mtelemuko. Na sisi, ndugu wasomaji, sisi tuliokuwa juu, tulichoka na upole wake. Saa ilikuwa inapita, mazoezi ya nyimbo yalikuwa yanatungoja. Tukaanza kuimba na kupiga makofi kusudi aongeze mbio. Tulipiga kwa mikono juu ya paa la chumba chake. Sisi wenyewe tulipiga, na tunakumbuka bado sauti ya bati lile. Akaongeza. Katika mtelemuko wa mwisho kabla ya daraja, remorki ilianza kwenda kushoto na kulia. Shofere akashika freni kwa nguvu, kama kila mtu angefanya asiyefundishwa. Ilikatika, ikaanguka. Wasichana wanne walikufa mahali pale. Mkubwa wao alikuwa na miaka 19.

Kwa miaka mingi katika parokia ilisemwa kwamba ni kosa la shofere. Wengine walisema ni uchawi. Hakuna aliyesema habari ya magunia yaliyowekwa nyuma, wala ya freni ambazo remorki ile haikuwa nazo, wala ya makofi. Tumeyaandika sasa kwa sababu Yubile ni wakati wa kusema kweli. Shofere yule aliishi na aibu ambayo nusu yake ilikuwa yetu. Amekwisha kufa, na mkewe yuko bado kati yetu, anakaa katika kanisa kwa kiti cha nyuma. Tumekwenda kwake kabla ya kuandika maneno haya, tukamwomba ruhusa na msamaha. Alitupa vyote viwili, akatuomba jambo moja tu: tuandike kwamba mumewe alishika freni kabla ya kila mtelemuko mpaka alipoombwa asifanye hivyo. Tumeandika.

VII. HESABU ILIYORUDI

Tulisema mtaikuta tena ile 20. Tarehe 17 Septemba 2023 serikali ya Wales, inchi ile ile alikokwenda baba wa Padri na karavani yake, ilishusha mwendo katika njia zenyi taa na nyumba za watu toka maili 30 mpaka 20. Ni kilometa 32, hesabu ya sheria ya 1903, ambayo watu wa zamani waliicheka. Watu wengi wa Wales walikasirika, wakatia sahihi zao kuipinga, na vijiji vingine vilirudishiwa 30. Lakini maneno ya sheria yanaeleweka: mtoto anayegongwa kwa mwendo ule anaweza kuinuka tena. Watu wenyi mashini za nguvu kupita zote za zamani wamerudi kutafuta mwendo wa babu zao.

Inchi yetu nayo ina sheria yake ya kusafiri njiani, iliyotiwa sahihi tarehe 30 Agosti 1978. Iko katika karatasi. Kazi ya kuiweka katika njia ni ya wakubwa, na tunawakumbusha kwa heshima. Lakini baba wa Padri hakungoja polisi kusudi asimame kando ya njia na kuwaacha wengine wapite.

Siku ya Yubile makamio mengi yatakuja toka sukursali zote. Basi Halmashauri, kisha kusoma kurasa hizi, imekubali mambo matatu, nayo inaomba wote wayashike. Hakuna mtu atakayepanda juu ya remorki, hata kama nafasi imekosekana. Vyakula vitapanda remorki, watu watapanda kamio, na wanaobaki watarudiliwa kwa safari ya pili, hata kama Misa inapashwa kungojea. Mizigo mizito itawekwa chini na katikati. Na yeyote atakayempigia shofere makofi kusudi aongeze mbio, atashushwa njiani, awe kijana wa kwaya, awe katekista.

Kisha Misa, Baba Askofu atabariki motokari na makamio mbele ya kanisa, kama desturi. Tumeomba kwamba msafara wa baraka uanzie kule nyuma, kwa makaburi manne, na kwamba watu watembee kwa mwendo wa yule mama mzee. Yeye atatangulia.

Karibuni wote, na fikeni salama.